Uzi wa Sweta ya Mama

Chumba cha mimea mikavu,
Jumanne asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikia goti la kushoto limeanza tena ukorofi wake, na kwamba wifi amekukataza kupanda ngazi za ghala, nawe unazipanda kila anapotoka. Aliyekuchongea ni binti yako mkubwa, lakini usimkaripie, maana nilimbana mpaka akasema. Mpe wifi salamu zangu. Mwambie mto alionishonea ndio ninaoukalia sasa hivi, na bila huo mgongo ungeshaniaga zamani.

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Macho yamepungua nguvu, ua nililokuwa naliangalia kwa lenzi moja sasa nalitazama kwa mbili. Wanafunzi wananiambia sijazeeka hata kidogo, nami najua wanachotaka ni maksi. Nakula, nalala, natembea. Upande wa afya sina cha kulalamikia, na ninachokuandikia hapa hakihusiani na afya.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu unaniitikia "naam, Daktari," unaniuliza kama huku mvua imenyesha, kisha unampa wifi simu. Wifi nampenda, tunaongea mpaka sikio linapata moto, lakini haya hayawezi kupitia kwake. Barua huwezi kumpa mtu mwingine katikati ya sentensi. Ndiyo maana nimeandika, nikampa binti yako akuletee mkononi, nikamwapisha asiifungue. Nakuomba uvae miwani uisome mwenyewe mpaka chini, hata ukikasirika njiani.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi ya wiki ijayo kamati ya hifadhi ya mlima itakutana kuamua kama malisho ya juu yafungwe moja kwa moja, au yafunguliwe tena kwa wafugaji. Miaka kumi na tisa yamefungwa kwa amri ya muda, na amri hiyo inaongezwa kila inapoisha kwa kutegemea utafiti wangu. Safari hii nimeitwa niende mwenyewe nikauthibitishe. Kabla sijasimama mbele yao, kuna maneno ambayo haki yako ni kuyasikia kwanza.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Nikianzia pale penyewe nitaogopa.

Unakumbuka mwaka ule wa kwanza nilipokuja na mikanda ya kupimia, vigingi vya chuma na zile mbao za kubania mimea, nikakuomba unisaidie kupandisha mizigo. Uliiacha mifugo kwa jirani siku nne nzima. Tulipofika juu, ukaniona nanyoosha kamba na kupima mraba wa mita mbili kwa mbili, ukaniuliza kama nimesoma miaka yote ile ili nije kupima shamba lenye ukubwa wa kitanda. Nikakueleza kwamba hicho ni kiraba, na tutaweka thelathini vya namna hiyo, kuanzia ukingo wa msitu hadi kwenye mawe. Nikakwambia mimea huishi kwa jamii kama watu, huu hupenda kukaa na ule, mwingine humkwepa mwenzake, na kazi yangu ni kujua nani anaishi na nani, na mmoja akihama nani huchukua nafasi yake. Ukanisikiliza kwa makini, kisha ukasema kumbe kazi yangu ni umbea wa majani. Nilicheka mpaka kamba ikaniponyoka.

Wakati huo ulikuwa bado unaniita Bi Magugu, jina ulilonipa nikiwa na miaka tisa, siku nilipotumwa kuni nikarudi na sketi imejaa majani.

Ulipoona vigingi vimechomoza juu ya nyasi ulikataa. Ulisema ng'ombe atajikwaa avunjike kwato, na kama nataka vigingi, vizame mpaka usawa wa ardhi. Nikakuuliza mwakani nitavionaje. Kesho yake ulikuja na sweta ya mama, ile nyekundu iliyotoboka viwiko. Mama alikuwa na mwaka mmoja tu tangu afariki, na mimi sikujua kwamba umeihifadhi. Tulikaa juu ya jiwe tukaifumua, wewe ukivuta, mimi nikikunja. Uzi wake ulikuwa wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, mmoja mwekundu na mwingine mweupe mwembamba sana, na sijauona tena uzi wa namna hiyo popote. Ukafunga kipande kwenye kila kigingi, vigingi mia na ishirini, fundo moja moja, kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Ulisema mama hakuwa akilala mpaka sote tumerudi nyumbani, basi sweta yake itatusaidia kurudi kwenye vigingi.

Na ni wewe uliyenionyesha kisikio. Nilikuwa nimekipita mara mbili. Ukanishika bega, ukanionyesha pale kando ya kijito yale majani madogo yenye manyoya meupe, ambayo mama alisema yanafanana na sikio la mwanambuzi mchanga. Nilipiga magoti kwenye matope. Hakuna kitabu chochote kilichokuwa kimeandika kwamba mmea ule unaota katika mlima wetu, wala mlima mwingine wowote. Kwenye kiraba cha ishirini na mbili, cha ishirini na tatu na cha ishirini na nne, tulihesabu pamoja visikio arobaini na kimoja. Wewe ulihesabu mara ya pili kwa kuhofia kwamba furaha imenichanganya.

Mwaka wa pili hukupanda nami, kwa sababu wiki ile wifi alijifungua huyu huyu aliyekuletea barua. Nilikwenda na dereva wa idara, naye akabaki kwenye gari chini, akisema yeye na baridi hawajawahi kuelewana. Nilipanda peke yangu, nikakusanya sampuli, nikashuka. Safari hiyo nitairudia mbele, nivumilie.

Mwaka wa tatu tulipanda wote kuhesabu upya. Kando ya kijito, kwenye viraba vile vile vitatu, visikio vilikuwa vitatu tu. Nakumbuka ulivyochuchumaa, ukagusa udongo kwa ncha za vidole, ukauvunja na kuunusa. Ulisema ardhi hii imechimbwa, haikukanyagwa. Nikasema labda ni fuko. Ukasema fuko hagusi kisikio, wala ng'ombe hali kisikio, maana manyoya yale yanamkera ulimi, na hata yule ng'ombe wako Mama Mkwe, aliyewahi kula kofia yako akaitafuna mpaka ukingo, alikipita kisikio kila siku bila kukigusa. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Niliandika kwenye daftari: vimepotea kwa kukanyagwa na mifugo. Uliniona nikiandika, na hukuuliza nimeandika nini. Uliniamini.

Halafu ukaja ule mkutano.

Najua hupendi kuukumbuka, na mimi sijawahi kuutaja mbele yako. Mimi nilikaa meza ya mbele pamoja na mkuu wa hifadhi na wakubwa wengine, tukiwa na chupa za maji na vitambaa vyeupe. Wewe ulisimama nyuma kabisa karibu na mlango, kofia mkononi, kwa kuwa viti vilikwisha. Nilionyesha hesabu zangu, arobaini na moja, kisha tatu. Ukaomba nafasi ya kusema. Ukasema kwa upole kwamba ng'ombe ndio wanaonyoa mahali pale, na siku wakiondolewa nyasi ndefu zitainuka na kuwafunika wadogo wote, kisikio kikiwa cha kwanza. Mkuu wa hifadhi akanigeukia mimi, akitaka jibu la kitaalamu.

Nilisema kwamba huyu bwana anazungumza kwa mazoea, na sisi tunazungumza kwa hesabu.

Watu wakacheka. Ulivaa kofia yako ukatoka, na mlango ukaufunga taratibu kama mtu anayeacha mtoto amelala ndani. Nilikuita huyu bwana, kaka. Wewe uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Mezani hakuna aliyejua kwamba tumezaliwa tumbo moja, nami niliacha iwe hivyo, kwa sababu niliona aibu kuwa mtaalamu ambaye kaka yake amesimama mlangoni ananuka ng'ombe.

Amri ilitoka kabla ya miezi miwili kupita. Ulikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja, kila mmoja na jina lake na tabia zake, na huku chini hakukuwa na malisho ya kuwatosha hata watano. Uliwauza mmoja mmoja. Wifi aliniambia baadaye kwamba wa mwisho alikuwa Mama Mkwe, na kwamba ulimpeleka mwenyewe kwa miguu, ukarudi na kamba tupu begani, ukaitundika nyuma ya mlango na haijaondolewa hapo mpaka leo. Ukaenda kuwa mlinzi wa ghala. Mtu aliyekuwa akitazama mlima mzima akawa anatazama geti.

Na hukunitukana. Hukunisema kwa ndugu, hukunifungia mlango. Nilipokuja ulinipa kiti kizuri. Isipokuwa tangu siku ile hujaniita tena Bi Magugu. Unaniita Daktari, na unalitamka vizuri sana, bila kejeli hata chembe. Mara ngapi nimetamani ungenitukana tu, tugombane, tumalize.

Sasa nije kwenye ya juzi. Nina mwanafunzi, msichana mwenye bidii ya mchwa, anayerudia viraba vyangu vyote baada ya miaka hii ili tuone jamii za mimea zimebadilika vipi. Alikaa juu wiki tatu. Mwezi uliopita aliingia ofisini kwangu na karatasi zake, akakaa ukingoni mwa kiti kama watu wanavyokaa wakileta habari mbaya. Alisema nyasi za juu zinamfika kiunoni. Mimea midogo karibu yote imetoweka. Kwenye viraba alivyofanikiwa kuvipata hakuna kisikio hata kimoja. Katika malisho yote ya juu alipata visikio saba tu, mahali pamoja, kando ya lile jiwe tambarare ambapo ng'ombe walikuwa wakilambia chumvi na udongo bado ni mgumu, nyasi hazijashika. Aliniuliza kama nalijua jiwe hilo. Nililijua. Ndilo tulilokalia kufumua sweta, na ndilo Mama Mkwe alilolifanya kiti chake cha enzi.

Kaka, ulisema itakuwa hivyo, ukasema mbele ya watu, na ikawa hivyo.

Mwanafunzi hakuishia hapo. Kwa adabu kubwa, huku akikwepa macho yangu, alisema hesabu zake zinapingana na zangu. Ng'ombe walipokuwepo kisikio kiliishi, ng'ombe walipoondoka kikaondoka. Akauliza, basi kama si mifugo, ni kitu gani kilichochukua visikio thelathini na nane kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Alitoa tu tatu kwenye arobaini na moja, hesabu ya mtoto wa shule. Lakini nilipoisikia namba ile ikitoka kinywani mwa mtu mwingine, nilimwambia aniachie karatasi, nitazipitia. Alipotoka nilifunga mlango kwa ufunguo.

Sasa inanibidi nikueleze mambo matatu ya kazi yetu, uelewe vizuri kitu nilichokifanya.

La kwanza, mtu anayekusanya mimea hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba ukitaka kuchukua mmoja, uone ishirini. Usipoona ishirini, unapiga picha unaondoka. La pili, mmea mpya haukusanywi nakala moja. Unachukua nakala nyingi, zenye mizizi, kwa sababu vyumba vya mimea vya taasisi nyingine navyo vinataka, na jina lako linasafiri pamoja na hizo karatasi. La tatu, mmea ukishagundishwa kwenye karatasi yake, kila kitu kinachodondoka kutoka kwake, iwe jani, mbegu au punje ya mchanga, hakitupwi. Kinawekwa kwenye bahasha ndogo iliyobandikwa pembeni, ambayo sisi tunaiita bahasha ya makombo. Hakitupwi kamwe, hata kikionekana ni takataka.

Mwaka ule wa pili, siku niliyopanda peke yangu, ukungu ulishuka ghafla. Nilikuwa naona mikono yangu na hatua tatu mbele, basi. Nilikuwa nimeahidi nakala kumi na mbili kwa taasisi mbalimbali na nilikuwa na siku ile moja tu. Nilivuka kijito, au nilidhani nimevuka, nikaona visikio, nikapiga magoti nikaanza kuchimba. Sikuhesabu ishirini. Nilijiambia kwamba viko vingi, ukungu tu ndio unaovificha. Nilichimba mpaka karatasi kumi na mbili zikajaa, nikashuka nikiwa na furaha kama mwizi wa maembe. Kwenye lebo niliandika kwamba vimekusanywa ng'ambo ya kijito, nje ya viraba. Kwenye daftari la makusanyo niliandika idadi: thelathini na nane.

Naapa kwamba siku ile sikujua. Tulipopanda wote mwaka uliofuata na kukuta vitatu, sikujua pia, au sikutaka kujua, na siku hizi siwezi tena kutenganisha hayo mawili. Kama ingekuwa imeishia hapo ningekuandikia barua fupi ya kuomba radhi kwa kosa la ukungu, na wewe ungeniambia ukungu hauna mwenyewe.

Lakini haikuishia hapo. Wakati ule chumba hiki kilikuwa na mzee aliyegundisha mimea kwenye karatasi, tuliyemwita Mzee Gundi, mtu mtaratibu, mikono yake haikuwahi kuvunja ua. Mimea ilisubiri foleni mwaka na zaidi kabla ya kumfikia. Wiki mbili kabla ya mkutano alifikia visikio vyangu. Aliniita mezani kwake. Kwenye mizizi ya kisikio kimoja kulikuwa na kitu kimejisokota ndani kabisa, naye alikuwa amekitoa kwa kibanio na kukilaza kwenye karatasi nyeupe. Urefu wake ulikuwa wa kidole cha shahada. Uzi. Mwekundu, umesokotwa na mweupe mwembamba.

Nilisimama pale, kaka, na nikaelewa kila kitu mara moja. Nilielewa kwamba sikuvuka kijito. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya viraba vyangu mwenyewe, na vigingi vyetu vilivyozama vilikuwa chini ya magoti yangu, na nilikuwa nimechimba mpaka kwenye fundo lako. Ng'ombe wako hawakula kitu. Aliyemaliza kisikio ni mimi, kwa jembe dogo na kwa tamaa ya karatasi kumi na mbili.

Mzee Gundi aliuliza uzi huu ni wa nini. Nikasema ni wa sweta yangu. Aliitazama sweta niliyovaa, ya kijivu, akanitazama usoni. Aliuliza kama autupe. Hapo ningeweza kusema ndiyo na leo nisingekuwa na ushahidi wowote. Sijui kwa nini sikusema. Nadhani mkono wangu ungekubali kumdhulumu mtu lakini haukukubali kuvunja taratibu za chumba hiki, na aibu yake ndiyo hiyo. Nikasema aweke kwenye bahasha ya makombo. Akaandika juu yake kwa mwandiko wake mzuri: uzi mwekundu, wa nguo ya mkusanyaji.

Wiki mbili, kaka. Nilikuwa na siku kumi na nne za kuja kwako, au kwenda kwa mkuu wa hifadhi, au hata kukaa kimya tu kwenye mkutano. Lakini tasnifu yangu ilikuwa kwa mpiga chapa, na nafasi ya kazi katika idara ilikuwa inamsubiri mtu mwenye matokeo. Nilijiambia kwamba uzi mmoja si ushahidi. Nilijiambia kwamba ng'ombe huharibu, kama si hapa basi pengine. Nikaenda kwenye mkutano, na uliposimama na kusema ukweli mtupu, mimi niliyejua kwamba ni ukweli ndiye niliyekufanya uchekwe na watu.

Hilo ndilo nililolibeba. Si kwamba nilikosea. Nilijua.

Mzee Gundi alifariki miaka sita iliyopita. Kila tulipokutana kwenye korido alinisalimu vizuri na kunitazama kwenye sweta.

Sasa sikiliza nilichofanya, si kwa ajili ya kujisifu, maana kimechelewa miaka kumi na tisa. Jana asubuhi nilimpelekea mkuu wa idara maelezo yote kwa maandishi, na nakala kwa kamati. Alisoma, akavua miwani, akaniambia nimebakiza mwaka mmoja nistaafu kwa heshima, na kwamba hakuna mtu duniani atakayekuja kuuliza habari za uzi. Nikamshukuru, nikamwomba ayagonge muhuri. Huenda shahada yangu ikachunguzwa upya, huenda jina langu likaondolewa kwenye ukuta wa ukumbi wa idara. Waache waondoe.

Jana jioni, nimekaa hapa hapa, nilijaribu kuwakumbuka ng'ombe wako wote thelathini na mmoja kwa majina. Nilifika kumi na tisa nikakwama. Wewe najua unawakumbuka wote. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna kamati inayoweza kuirudisha, hata wakiyafungua malisho kesho, na sitajidai kwamba barua hii inairudisha.

Nina ombi, lakini si kwa ajili yangu. Mwanafunzi wangu ameshindwa kuvipata viraba tisa, na bila hivyo kazi yake haikamiliki. Vigingi vimezama na nyuzi zimeoza. Kwenye daftari langu kuna vipimo, lakini mimi na wewe tunajua kwamba hakuna aliyeviona vigingi vile kwa vipimo. Jumamosi atakuja kwako kukuomba umwonyeshe. Goti likikataa, mchoree tu. Nikatae mimi, lakini yeye usimkatae, hana kosa.

Na Alhamisi, kama utapenda kuja, nimewaambia waweke kiti cha mbele chenye jina lako. Usipokuja nitaelewa, na nitasema yale yale mbele ya kiti kitupu. Nitaanza kwa kuwaambia kwamba yule bwana wa mlangoni alikuwa kaka yangu.

Kitu cha mwisho. Katika kazi yetu, lebo ya zamani haifutwi hata ikiwa na uongo. Unabandika kipande kipya cha karatasi pembeni yake, unaandika ukweli, unaweka jina na tarehe, na vyote viwili vinabaki ili wajao waone. Leo asubuhi, kabla sijaanza kukuandikia, nimebandika kipande hicho. Nimeandika hivi: "Mimea hii ilichimbwa ndani ya viraba namba 22 hadi 24, si nje. Uzi uliomo kwenye bahasha si wa nguo ya mkusanyaji. Ni wa sweta ya mama yetu, na ulifungwa kwenye kigingi na kaka yangu." Kisha nikaandika jina lako kamili, yote matatu, kwa wino usiofutika. Ni mara ya kwanza jina lako kuingia kwenye chumba hiki, na lilipaswa kuwa la kwanza kuandikwa.

Msalimie wifi, na vijana wote waliopo hapo nyumbani. Mkumbushe binti yako kwamba shangazi yake hajasahau kitabu alichoomba. Wewe pumzisha goti hilo, na ngazi za ghala ziachie wenye miguu mipya. Mungu akutunze.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa
Bi Magugu.